Bafle zinaungua: sanduku nalo liangaliwe

Katika taksi-bisi za Goma na Bukavu, bafle ya besi ikiungua, lawama inaenda kwa muuzaji: “Alituuzia feki.” Sanduku haliulizwi. Fundi mbao anapima kwa inje, sentimita 60 kwa 40 kwa 30, anahesabu litri 72. Kumbe mbao ina unene wa sentimita 2. Ndani zinabakia litri 52 hivi, na bado hajatoa nafasi ya bafle yenyewe.

Sanduku lililofungwa kabisa linasamehe: hewa ya ndani inafanya kama springi. Lenye tundu ndilo vijana banapenda, maana linatoa besi nyingi bila ampli kubwa. Ila bomba lake likikatwa fupi, sauti nzito ya chini inakosa hewa ya kuizuia, bafle inarukaruka ovyo mpaka inaharibika. Na dereva, akiona besi haishuki, anaongeza sauti!

Wanaolipa ni masikio. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaruhusu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa 4 tu. Kwa sauti hiyo, konvuayeri anazimaliza siku ya kwanza asubuhi.