Usiambie mzima moto "shukuru uko na kazi"

Kuna hii sentensi watu wanaipenda sana: "Shukuru Mungu uko na kazi." Ukisema mshahara umechelewa, shukuru. Ukisema buti zimetoboka, shukuru. Mimi naamini katika shukrani, lakini hii ya kufunga watu midomo ni kitu kingine. Na inauma zaidi ukimwambia mtu anayezima moto.

Watu wa Voi wanajua tunaishi wapi. Mvua ikikatika, nyasi za Tsavo hukauka hadi zingoje tu mtu azembee na moto wa makaa au wa kurina asali. Barabara ya Mombasa nayo inapita hapa na malori ya mafuta, usiku na mchana. Huko milimani kuna Ngangao, Chawia na Mbololo, vipande vidogo vilivyobaki vya misitu ya zamani sana. Apalisi wa Taita, ndege mdogo, haishi popote pengine duniani. Hiyo misitu ikiungua, ndio basi.

Sasa angalia kazi yenyewe. Kwa mteremko, gari la zima moto halifiki. Mnapanda kwa miguu na pampu ya maji mgongoni, panga na matawi mabichi ya kupigia moto. Mnafyeka ukanda mbele yake ili ukifika ukose cha kula. Upepo ukigeuka, mnaanza upya. Tsavo Magharibi iliposhika moto Agosti 2020, askari wa KWS walisaidiwa na wenyeji waliojitolea.

Shida ni kwamba ushindi wa hawa watu hauonekani. Video ya moto inasambaa kila mahali, lakini hakuna anayepiga picha kilima ambacho hakikuungua. Kwa hivyo kama uko kwa hii kazi, au unaitamani, ushauri wangu ni huu: hesabu kile hakikuungua. Mkitoka kwa tukio, kabla mtu alale, semeni: duka moja limeenda, lakini manne ya kando yamesimama. Hiyo ndiyo shukrani inayokupa nguvu kesho, juu ni ya kweli. Motisha ya kuambiwa tu "jikaze" huisha haraka.

Na ukweli huo huo uutumie kudai. Kama maji yaliisha katikati, sema. Kama mliingia kwa moshi bila maski, sema. Kushukuru na kudai vinaenda pamoja, kwa sababu anayependa kazi yake ndiye anayetaka kuifanya akiwa na mapafu mazima. Pa kudai panajulikana pia: Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya kuzima moto. Vijana, kikao cha bajeti kikiitwa, tusiwaachie wazee pekee. Tuulize: magari ni mangapi, yanatembea, na wafanyakazi wako na vifaa gani?

Sisi wengine tuko na sehemu yetu. "Asanteni mashujaa" na emoji ya moto ni sawa, lakini haizimi kitu. Ukisikia king'ora, sogea kando. Ukiona moshi, piga simu kwanza, kurekodi baadaye. Na lori la mafuta likianguka, kaa mbali na uache mtungi nyumbani. Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya watu kukimbilia petroli iliyomwagika.

Mzima moto akikuambia amechoka, usimkumbushe kuna watu hawana kazi. Anajua, pengine ndugu yake ni mmoja wao. Muulize anakosa nini, halafu siku ya kikao njoo tuulize pamoja.