Usione Vyaelea: Mwili wa Mwanamke Mchezaji wa Voliboli

Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini, panatajwa katika fasihi ya Kiswahili kwa sababu ya mwili mmoja. Mapokeo yanaeleza kwamba ndipo lilipo kaburi la Fumo Liyongo, na utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 unamsifu shujaa huyo kwa kimo na nguvu zake. Hapana msomaji anayeuliza Liyongo alikuwa na kilo ngapi. Mwanamke mwenye kimo na nguvu, hata hivyo, huulizwa uzito wake kabla ya kuulizwa anachoweza kutenda. Swali hilo lina kasoro, na kasoro yake hudhihirika katika mchezo wa voliboli.

Wavu wa wanawake hufungwa kwenye kimo cha mita 2.24. Mshambulizi huruka mara nyingi katika mechi moja, na kinachomwinua ni misuli ya mapaja na vigimbi. Msuli nao ni mzito kuliko mafuta ya ujazo ule ule. Mchezaji mwenye mita 1.80 na kilo 82, uzito wake ukigawanywa kwa mraba wa kimo chake, hupata 25.3. Kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwenye 25, atahesabiwa kuwa amezidi uzito, hata kama ziada hiyo yote ni misuli. Mizani hutaja idadi ya kilo. Haisemi ni kilo za nini.

Wala mafuta yenyewe si adui. Elimu ya mazoezi hukadiria kuwa mafuta ya lazima katika mwili wa mwanamke ni takriban asilimia 12 ya uzito wake, ilhali kwa mwanamume ni asilimia 3. Aidha, hakuna umbo moja la mchezaji. Mzuiaji wa kati huhitaji kimo. Libero, nafasi iliyoingia katika kanuni za kimataifa mwaka 1998, haruhusiwi kuzuia, na wepesi humfaa kuliko urefu.

Wapo watakaodai kwamba mwili mzito hauruki vyema. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Mafuta yaliyozidi ni mzigo, lakini mchezaji anayekondeshwa kwa njaa hupoteza misuli pia, hedhi yake hukatika, na mifupa yake hudhoofika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tahadhari kuhusu upungufu huo wa nishati mwaka 2014. Liyongo hakuangushwa na jeshi. Alichomwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Mchezaji naye aweza kuangushwa na neno dogo la mtu wa karibu: "Punguza mwili."

Timu ya taifa ya Kenya, Malkia Strikers, imeshiriki Olimpiki za Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo 2020 (iliyofanyika 2021) na Paris 2024. Safari ya kuifikia huanzia katika viwanja vya shule, na Kipini ina samaki wa bahari na mchele wa delta wa kumjenga binti. Basi walimu na wazazi wamlishe kwanza, kisha wapime anavyoruka. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hapana fundi aundaye jahazi kwa kulipunguza mbao.