Bustani ya Uhuru ni Mali ya Wafanyakazi Pia



Ukarabati wa Uhuru Park, Nairobi, ulianza mwaka 2021, na bustani ikafungwa. Hatupingi ukarabati. Njia zilikuwa zimeharibika na nyasi zimekwisha kwa kukanyagwa. Lakini twauliza: bustani ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Tangu Mzee Jomo Kenyatta alipoifungua mwaka 1969, wenye magari na vilabu vyao hawakuihitaji sana. Mwenye kuihitaji ni kibarua asiye na pesa ya hoteli saa ya chakula, akajilaza chini ya mti mpaka saa nane. Ni mama atokaye mitaa ya mabanda na watoto Jumapili, wapate kuona ziwa na mashua. Ni mpiga picha aliyelea jamaa yake kwa kamera moja.

Tena tukumbuke kwamba bustani hii ilikuwa karibu kupotea. Mwaka 1989 wakubwa walitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai akaandika barua na kupiga kelele, akatukanwa, lakini hakunyamaza, na jumba halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa siasa walikaa pembeni mwa bustani hiyo wakidai watoto wao, wakapigwa na polisi. Na tarehe 27 Agosti 2010 ndipo Katiba mpya ilipotangazwa pale pale. Kifungu cha 41 cha Katiba hiyo chatupa haki ya kuunda vyama na kugoma. Basi haki yetu ilitangazwa juu ya nyasi zile.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, mlango uwe bure. Shilingi 50 kwa tajiri si kitu, lakini kwa kibarua ni nauli ya kurudi nyumbani. Pili, wapiga picha na wachuuzi waandikishwe na wapewe nafasi, wasifukuzwe ati wanaharibu sura ya bustani. Tatu, wanaokata nyasi na kufagia waajiriwe kwa kudumu, wapate likizo na matibabu. Bustani nzuri haitunzwi na mtu mwenye njaa. Nne, uwanja usifungwe kwa mikutano ya wafanyakazi, maana Mei Mosi tumekusanyika hapo miaka mingi.

Wengine watasema wafanyakazi wana shida kubwa kuliko maua. Ni kweli, mshahara ni mdogo. Lakini mwenye mshahara mdogo ndiye asiyeweza kununua kivuli chake mwenyewe. Akinyang'anywa kile cha umma, amepunguziwa mshahara tena.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila tawi na lizungumze jambo hili mkutanoni, liandike barua kwa Serikali ya Kaunti. Tusingoje kuona ua limejengwa ndipo tuulize ufunguo uko kwa nani.