Kiwanda kikidanganya, muuzaji anabaki na nini? Mufano wa Volkswagen huko Marekani

Siku ya tano, tarehe 18 mwezi wa tisa 2015, EPA, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira, ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka programu ya udanganyifu ndani ya magari yake ya mazutu. Gari likiwa kwenye kipimo, moshi ulionekana safi. Likirudi barabarani, moteri ilitoa gesi ya sumu mpaka mara 40 kupita kiasi cha sheria. Marekani yalihesabiwa magari karibu 482.000. Siku chache nyuma kampuni ikakubali kwamba ni milioni 11 duniani kote, na tarehe 23 mukubwa wake, Martin Winterkorn, akaacha kazi.

Hayo yalisemwa sana. Waliosemwa kidogo ni wenye maduka 652 ya Volkswagen nchini Marekani, watu ambao hawakuandika programu yoyote.

Kule kiwanda hakiuzi gari moja kwa moja kwa mteja. Sheria za majimbo mengi zinakataza. Mwenye duka ni mfanyabiashara anayejitegemea. Anachukua magari kiwandani, mara nyingi kwa deni la benki, kisha anatafuta wanunuzi. Ni kusema kila siku gari linalala uwanjani, riba inapanda. Basi amri ikafika: magari hayo ya mazutu yasiuzwe tena. Yakabaki pale, mapya kabisa, na deni lake linaendelea. Na mazutu haikuwa kitu kidogo, ilikuwa karibu gari moja kati ya matano waliyouza. Mteja mwenye hasira naye hakuweza kwenda kupiga kelele Ujerumani. Alikuja dukani, kwa mtu aliyemuuzia.

Kiwanda kilituma pesa za kusaidia, lakini wengine waliona hazitoshi. Mwezi wa ine 2016, wauzaji watatu walifungua kesi kwa niaba ya wenzao. Maneno yao yalikuwa wazi: sisi pia tulidanganywa, na duka tulilojenga kwa pesa yetu limepoteza bei. Hapo walikuwa na haki. Kabla ya kashfa Volkswagen iliota kuuza magari 800.000 kwa mwaka Marekani mpaka 2018, na maduka yalisukumwa kupanua majengo kufuata ndoto hiyo.

Mwisho wake, Volkswagen ilikubali kuwalipa dola bilioni 1,208, karibu milioni 1,85 kwa kila duka ukigawanya sawa. Nusu mara moja, nusu kidogo kidogo kwa miezi 18. Ilikubali pia kununua tena magari yaliyokwama na kuahirisha kwa miaka miwili kazi za kutengeneza maduka. Juji Charles Breyer wa San Francisco alipitisha mapatano hayo mwezi wa kwanza 2017.

Linganisha na Goma, Bukavu ao Bunia, ambako magari mengi ni ya okazyo, yametoka Japani kwa meli mpaka Mombasa ao Dar es Salaam. Mwenye kuyauza hana mkataba na kiwanda. Kashfa ikitokea hakuna wa kumulipa fidia, na mwenye gari hana mlango wa kugonga. Kule Marekani wanunuzi walirudishiwa bei ya gari kama ilivyokuwa kabla ya kashfa, pamoja na nyongeza ya dola 5.100 mpaka 10.000. Walirudisha magari dukani kulekule, kwa hiyo mwenye duka alipata mara ingine nafasi ya kuongea nao. Wengine walitoka na Volkswagen ingine, ya esansi.

Lakini si kila kitu ni juu ya kashfa. Mauzo yalikuwa yanashuka tangu zamani: magari 438.000 mwaka 2012, karibu 367.000 mwaka 2014, mwaka ambao hakuna mnunuzi aliyejua kitu. Wamarekani walitaka jeep kubwa za familia, na Volkswagen haikuwa nayo ya bei nafuu. Mwaka 2016 yalifika chini, karibu 323.000. Mwaka 2017 ikaingia Atlas, yenye viti vya watu saba, pamoja na Tiguan iliyorefushwa, na mauzo yakapanda tena mpaka karibu 340.000.