Biashara ya Kaboni Isiwe Biashara ya Hewa

Neno 'hewa' katika Kiswahili cha leo lina maana mbili zinazokinzana. Hewa ni pumzi, ndiyo uhai wenyewe. Lakini pia ni kitu kisichokuwapo. Ndiyo sababu anayepokea mshahara ilhali hayupo kazini huitwa mfanyakazi hewa. Biashara ya kaboni, ambayo imekwisha kupiga hodi vijijini mwetu, imesimama baina ya maana hizo mbili.

Kiini cha biashara hii si kigumu. Kampuni inayotoa gesi ya kaboni huwalipa watu wengine wapande au wahifadhi miti inayofyonza gesi hiyo, kisha ikaziondoa tani zilizofyonzwa katika hesabu ya uchafuzi wake. Lengo ni kuifikisha hesabu hiyo kwenye sifuri. Hata hivyo, msitu huweza kuteketea kwa moto mwakani, ilhali gesi iliyotolewa hukaa angani karne na karne. Kwa hiyo, mchafuzi hana budi kupunguza kwanza uchafuzi wake mwenyewe, kisha alipie salio lisiloepukika tu. Kinyume cha hayo ni sawa na mtu kumlipa jirani amfungie Ramadhani, huku yeye akiendelea kula mchana.

Je, biashara hii ni ulaghai mtupu? La hasha! Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni tangu mwongo uliopita kutokana na hekta 117 za mikoko. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni ndio waamuzi wa matumizi ya fedha hizo, nazo zimewaletea maji na vitabu vya shule. Fauka ya hayo, mikoko ni mazalia ya samaki na kinga ya ufuo, hivyo faida ipo hata soko likianguka.

Kaskazini mwa nchi mambo yalikwenda kombo. Mnamo Januari 2025, mahakama iliyoketi Isiolo iliamua kuwa hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, bila ya umma kushirikishwa ipasavyo. Mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo. Kweli, marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanaitaka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Lakini asilimia 40 ya kitu usichokifahamu ni kiasi gani?

Hapa ndipo wanakiswahili tunapoingia. Baadhi ya waandishi huyaita malipo haya 'fidia ya kaboni'. Masikioni mwa mwananchi, fidia hulipwa aliyedhulumiwa, mathalani aliyenyang'anywa shamba kwa ajili ya barabara. Hapa anayelipwa anauza huduma, na anayelipa ananunua haki ya kuhesabiwa msafi. Neno hilo linamficha muuzaji asijione kuwa muuzaji, wala asijue kuwa ana haki ya kupatana bei. Mimi naona 'usawazishaji' ni bora, kwa kuwa humlazimu msikilizaji kuuliza: ni nini kinachosawazishwa na nini?

Yamkini msomaji atasema kuwa hii ni kazi ya mawakili na wanasayansi. Sikubaliani naye. Mikataba hii huwafunga watu kwa miongo kadhaa, na aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mzee anayetia kidole gumba kwenye waraka asioufahamu hajaridhia. Ametia wino tu. Vyama vyetu vyuoni vinaweza kuandaa istilahi, kutafsiri mikataba hiyo kwa Kiswahili sahili, na kushirikiana na wasemaji wa Kiborana, Kisamburu na Kidigo ili ujumbe ufike nyumbani kabisa.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kaboni limekwisha kufunguliwa. Liandikwe kwa lugha ambayo mwenye mali anaweza kuisoma.