Siri ya Nyumba na Mshauri wa Kazini



Dada mmoja alitujia na karatasi aliyoikuta katika mfuko wa sare ya mumewe alipokuwa akifua. Ndani yake mna nambari ya simu ya mshauri nasaha anayelipwa na kampuni. Mume hajaipiga hata mara moja, ilhali miezi sasa usingizi umempotea, zamu za usiku zimemchosha na madeni ya karo yamemlemea. Alipoulizwa, alijibu: "Niwape habari za nyumba yangu watu wanaonilipa mshahara?"

Sisi tuliolelewa katika desturi ya sitara hatuwezi kuicheka hofu hiyo. Lakini yafaa tuijue huduma yenyewe kabla ya kuikimbia. Mizizi yake iko Marekani, ambako katika miaka ya 1940 makampuni kama DuPont na Eastman Kodak yalianza kuwasaidia wafanyakazi waliozama katika ulevi badala ya kuwafukuza tu. Baadaye ikaenea hadi kwenye misiba, ndoa, madeni na huzuni nzito, na baadhi ya waajiri wa hapa Kenya wanayo.

Mara nyingi mshauri si mtumishi wa ofisi ile. Mwajiri huilipa taasisi ya nje, naye hupewa hesabu tu: wamekuja wangapi, na kwa mashaka ya aina gani. Majina hayapelekwi. Mfanyakazi halipi kitu, ingawa vikao huwa vichache, na mwenye haja zaidi huelekezwa kwa daktari. Mara nyingi mke na watoto nao wamo katika huduma hiyo. Dada yetu hakulijua hilo. Alidhani karatasi ni ya mumewe peke yake.

Siri hiyo ina mipaka. Uhai ukiwa hatarini, au mtoto akidhuriwa, mshauri huenda akalazimika kusema. Na mfanyakazi aliyepelekwa na msimamizi wake, huenda msimamizi akajulishwa kama alihudhuria. Kwa hiyo swali la kwanza katika simu na liwe: nani ataliona jina langu? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, basi kuuliza si utovu wa adabu. Mwanamke naye aombe mshauri mwanamke, tena mapema. Na ushauri wa madeni ukiishia katika mkopo wa riba, mshukuru mshauri, kisha umwendee shehe wako.

Tuseme na hili: mshauri hapunguzi zamu wala haongezi mshahara. Mwajiri anayewachosha watu kisha akawapa nambari ya simu hajautimiza wajibu wake.

Dada yetu ameipiga simu mwenyewe, akapewa miadi ya Jumanne baada ya Alasiri. Mumewe anajua. Hajakubali kufuatana naye, lakini hajamkataza.