Mlima Usio na Kibao

Wanaocheza Ingress au Pokémon GO wanajua kwamba vituo vya mchezo havikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu alivipendekeza: sanamu, mnara, msikiti wa zamani, uwanja wa mpira. Alipiga picha ya kitu chenyewe na nyingine ya mazingira yake, akaandika maelezo mafupi, akaweka alama kwenye ramani. Kisha wachezaji wengine, ambao wengi wao hawajawahi kufika huko, wakaingia kwenye mfumo uitwao Wayfarer na kupiga kura. Wanaangalia picha ya setilaiti, wanaangalia picha za barabarani za Google. Wakikiona kitu, kinapita. Wasipokiona, jibu linarudi kwamba mahali hapo hapathibitiki.

Nina ugomvi na neno hilo.

Chukua Newala. Ukingoni mwa mji kuna Shimo la Mungu, pale uwanda wa juu wa Makonde unapokatika ghafla na macho yakaangukia bonde la Ruvuma, mpaka upande wa Msumbiji. Nani Newala hapajui? Kwa setilaiti, lakini, pale ni kijani kinachogeuka kivuli. Mkaguzi aliyeketi Rotterdam haoni kitu, na kwa kuwa yeye haoni, aliyesimama pale pale ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi zaidi. Tena ushahidi unaoaminika kuliko wote ni ule unaoletwa na gari la kampuni ya Marekani likipita barabarani. Kama halijapita, shauri yako. (Mwaka 2014 Google ilipeleka kamera ya kubeba mgongoni hadi Gombe, ikapiga picha njia za msituni wanakoishi sokwe. Siwaonei wivu. Kidogo tu.)

Shuka Masasi, mambo yanazidi kuwa magumu. Ukitaja Mkomaindo, watu wa kusini wanafikiria hospitali, na hospitali zina kizuizi, maana umati wa wachezaji unaweza kuzuia huduma za dharura. Shule za watoto nazo hazikubaliwi kabisa. Kanuni hizo zina busara na sizigombi. Lakini ona kinachobaki. Inabaki milima ya mawe ambayo msafiri huiona kabla hajauona mji wenyewe. Na mlima mtupu, kwa desturi ya wakaguzi, haupiti mpaka uwe na kitu kilichotengenezwa na binadamu: kibao, bango, mnara. Mawe ambayo watu waliokombolewa utumwani waliyakuta pale mwaka 1876, walipoletwa na Askofu Edward Steere kutoka Zanzibar, leo yanamsubiri fundi wa vibao.

Upendeleo huu ni wa tangu mwanzo. Ingress ilipoanza mwaka 2012, sehemu ya vituo vyake ilitokana na hifadhidata ya mabango ya kihistoria yenye mizizi Marekani. Pokémon GO ikavirithi mwaka 2016. Mwaka huo huo taasisi ya Urban Institute ilihesabu vituo vya jiji la Washington: wastani wa 55 katika mitaa yenye Wazungu wengi, 19 katika mitaa yenye watu weusi wengi. Hiyo ni Washington, yenye kila aina ya picha. Newala itegemee nini?

Nitaambiwa: wachezaji ni waongo. Ni kweli. Wapo wanaobuni vituo ili wacheze wakiwa kitandani, na wakaguzi wasipokuwa wakali mchezo unaharibika. Ila ukali ni jambo moja na upofu ni jingine. Dawa tunayopewa siku zote ni hii: piga picha ya duara ya mahali pako, ipakie kwenye ramani ya Google, mkaguzi ataiona huko. Maana yake nifanye kibarua cha Google bila malipo, kwa bando langu, ili niaminiwe. Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya kitoto. Mwaka 2024 Niantic ilitangaza kwamba inafundisha akili bandia kwa picha za mahali zilizopigwa na wachezaji. Mwaka 2025 iliuza sehemu kubwa ya michezo yake, Pokémon GO ikiwemo, kwa Scopely kwa dola bilioni 3.5. Mahali pana bei, ndugu zangu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba neno la mkazi tayari linatumika. Tangu Desemba 2017 ramani ya chini ya Pokémon GO imetokana na OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo kutembea mitaani pamoja na wakazi, wakaandika vichochoro, mitaro na majina, kwa ajili ya kujikinga na mafuriko. Aliyeulizwa jina la mtaa ni mwenye mtaa. Kwa hiyo mchezaji anatembea juu ya njia zilizochorwa kwa neno la wenyeji, halafu akisema hapa pana mwembe wa baraza, neno hilo hilo halitoshi.

Basi litoshe. Picha za wakazi wawili tofauti, za siku mbili tofauti, zihesabiwe kuliko macho ya mtu aliye bara jingine. Na wewe mkaguzi, hata wa hapa hapa Dar, unayemaliza mapendekezo 50 kwenye daladala: kama huoni, kitufe cha kuruka kipo. Kutoona kwako si sababu ya kukataa.

Wenyeji hao hao ndio watakaokataa pale panapostahili kukataliwa. Uwandani kuna mahali pa jando na unyago ambapo mgeni hatakiwi kusogea, sembuse kusimama na simu akiwinda Pikachu. Kwa setilaiti ni uwazi mdogo kati ya mikorosho, na picha nzuri ya mchana ingepita bila shida. Mkaguzi wa Rotterdam angebonyeza ndiyo.